Mwanao anataka kuunda jua: shangazi amwambie nini?

Kuna wiki chache kila mwaka ambazo nyumba yenye kijana aliyemaliza kidato cha nne haina amani. Matokeo yameshatoka, furaha ya kufaulu imeshapoa, kimebaki kitu kimoja: tahasusi. Baba anataka PCB. Mama anataka chochote kitakachomfanya baba anyamaze. Kijana mwenyewe yuko kwenye simu. Ukiwa na bahati, wa kwako anabishana nawe kati ya udaktari na uhasibu. Wa kwetu anataka kuunda jua.

Sitanii. Mtoto wa kaka yangu ana miaka 17, anaishi na wazazi wake Kihesa, Iringa. Amefaulu vizuri, fizikia na hesabu kuliko biolojia. Mimi nafanya kazi Mbeya, na ujumbe wa wifi ulinifikia nikiwa kazini: "Wifi, mwanao anasema hataki udaktari, hata kidato cha tano hataki. Anataka diploma ya ufundi akachomelee mashine za jua. Kaka yako hali chakula. Ongea naye, wewe unajuana na madaktari."

Kwa ndugu zangu, kuandika habari za afya ni karibu sawa na kuwa daktari. Nimezoea kuulizwa dozi za dawa kwenye misiba. Lakini hili la jua lilikuwa jipya, na kabla ya kumkemea mtoto wa watu niliona nijue kwanza anachokitaka ni nini. Nilitumia jioni zangu za wiki mbili kusoma. Ninayowaandikia hapa ndiyo niliyoyakuta, maana nina hakika kijana wangu si peke yake anayeangalia hizo video.

Jua haliwaki kama mkaa. Ndani yake viini vya haidrojeni hugongana kwa nguvu na kuungana kuwa heliamu, na katika kuungana huko hutoka nishati nyingi mno. Vinu vya nyuklia tunavyovisikia, pamoja na ile urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo, ni habari nyingine: vile hupasua kiini kizito. Hiki anachokitaka kijana ni kuunganisha viini vyepesi. Sisi neno muungano tunalijua tangu Aprili 26, 1964, na tunajua pia kwamba kuunganisha ni kazi moja na kuutunza muungano ni kazi nyingine.

Kwa mzazi anayeogopa neno nyuklia: mashine ya aina hii haiwezi kuchachamaa yenyewe ikalipuka kama bomu. Shida yake ni kinyume. Kitu kidogo kikiharibika, moto unazimika. Ni kibatari kwenye upepo. Chuma chake kitakuwa na mionzi kwa miongo kadhaa na kitahitaji kutunzwa, hilo ni kweli, lakini haiachi yale mabaki ya kulindwa kwa maelfu ya miaka.

Sikumcheka kijana, na sababu ninayo. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya huku Nyanda za Juu Kusini, nikiandika habari ya watoto njiti. Umeme ukakatika. Jenereta likagoma kuwaka. Muuguzi hakupiga kelele. Aliwasha tochi ya simu, akawaambia akina mama wawili wafungue vifua na kuwafunga watoto ngozi kwa ngozi, halafu akasimama pembeni akisikiliza pumzi. Nilihesabu dakika 40. Watoto walisalimika, na ile njia ya kumfunga mtoto kifuani ni nzuri hata umeme ukiwepo, lakini tangu siku hiyo mtu akiniambia anataka kuutumikia umeme, simwoni kama mtu anayecheza.

Kaka ana jibu lake kwa hilo, na si jibu la kijinga. Anasema umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kuwasha mtambo wake wa kwanza Februari 2024, na mitambo yake yote tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Linganisha na Kidatu yenye 204, Kihansi 180 na Mtera 80, ambazo ndizo tulizokuwa tukizisikia tangu utotoni. Mgao uliisha bila jua la mtu yeyote. Hapa Mbeya nako wataalamu wa jotoardhi wako Ngozi wanatafuta mvuke. "Sasa huyo," kaka akaniambia kwa simu, "jua lake la nini?"

Nilimuuliza kijana swali hilohilo. Akanitumia tarehe: Desemba 5, 2022.

Siku hiyo, katika maabara ya Lawrence Livermore kule California, wanasayansi walipiga kidonge kidogo cha haidrojeni kwa miale mikali ya leza. Nishati iliyoingia kwenye kidonge ilikuwa megajuli 2.05, iliyotoka 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza duniani moto wa aina hiyo kutoa zaidi ya ulichopewa. Magazeti yote yaliandika. Mimi nikafanya jambo ambalo mama yeyote mwenye LUKU angefanya: nikabadilisha kuwa uniti. Uniti moja ya TANESCO ni megajuli 3.6. Kwa hiyo mafanikio yale makubwa hayakufika hata uniti moja. Yangechemsha lita tisa hivi za maji ya bomba ya Mbeya, chai ya kikao cha wastani. Na mitambo ya leza yenyewe ilivuta kwenye gridi megajuli 300 hivi, yaani zaidi ya uniti 80, ili kupata ile chai.

Mashine nyingine, JET ya Uingereza, kabla haijastaafu mwishoni mwa 2023 ilitoa megajuli 69 kwa sekunde tano. Hizo ni uniti 19. Kwa nyumba isiyopikia umeme, uniti 19 ni siku nyingi, na zilitokana na mafuta ya miligramu 0.2 tu, kitu ambacho usingekiona kwenye kiganja. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa kijana. Lakini JET nayo ilikula umeme mwingi kuliko iliotoa.

"Shangazi, sayansi imeshathibitishwa," kijana akaniambia. "Kilichobaki ni ufundi."

Alilisema kana kwamba ufundi ni jambo dogo. Nilipoendelea kusoma nikaona hicho kilichobaki ndicho kizito kuliko vyote.

Moto na barafu kwenye chumba kimoja

Mashine kubwa kuliko zote inajengwa kusini mwa Ufaransa, mahali panaitwa Cadarache. Inaitwa ITER. Wanaoijenga ni Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani; hata wanapogombana kwingine kote, hapo wanaendelea kupeana vyuma. Mkataba wao ni wa 2006.

Ili viini viungane hapa duniani, gesi lazima ipashwe hadi nyuzi joto milioni 150, mara kumi ya joto la katikati ya jua lenyewe. Gesi ya joto hilo huitwa plazima, jina sawa na ile ya damu ninayoiandika kila siku, lakini hazina undugu. Hakuna sufuria ya kuibeba. Inaelea ndani ya chombo chenye umbo la tyubu ya tairi, ikishikiliwa na nguvu za sumaku tu. Na sumaku zenyewe ni 18 kubwa, kila moja ina kimo cha mita 17 na uzito wa zaidi ya tani 300, mbali na nyingine zinazozizunguka. Hazifanyi kazi mpaka zipozwe hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Mita chache tu zinazitenganisha na ule moto.

Kufika hapo nikajikuta nyumbani. Mashine ya MRI, kama ile ya Muhimbili ambayo baadhi yenu mmelala ndani yake mkisikia inagonga kama karakana, ina sumaku ya ukoo huohuo. Kwa kawaida huwa imezama ndani ya heliamu ya kimiminika, mara nyingi zaidi ya lita elfu moja. Heliamu hiyo ikivuja yote, una chuma cha mabilioni kisichoweza kupiga picha hata ya kidole.

Na heliamu si ya kutengeneza kiwandani. Huzaliwa polepole chini ya ardhi, urani na thoriamu zinapochakaa kwa mamilioni ya miaka. Ikipanda hewani imekwenda, haikamatiki tena. Sasa mzazi wa Mbeya, Songwe na Rukwa, hapa nisikilize vizuri: mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba Bonde la Ziwa Rukwa lina hazina kubwa ya gesi hiyo. Mwanzoni mwa 2024 kisima cha Itumbula, kusini mwa bonde hilo, kiliitoa hadi juu ya ardhi. Kijana alikuwa hajui. Nilimwambia mimi, shangazi wa habari za malaria, na nikasikia akinyamaza upande wa pili.

Kuna atakayesema kwamba mashine hizo zitajitengenezea heliamu, kwa kuwa ndiyo majivu ya moto wao. Nilipiga hesabu. Kinu cha megawati 1,000 za joto kikiwaka mwaka mzima kitatoa kilo 70 na kidogo. ITER peke yake inahitaji tani 25 hivi za kupozea sumaku zake. Majivu hayatoshi.

Mafuta nayo yana kisa. Ni aina mbili za haidrojeni nzito. Ya kwanza, dyuteriamu, ipo kwenye maji yote, hata ya Mtera. Ya pili, tritiamu, karibu haipo: nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12, na ile inayoweza kununuliwa duniani kote inakadiriwa kuwa kilo 25 hivi, nyingi ikitoka kwenye vinu vya Kanada. Kinu nilichokitaja hapo juu kingemaliza kilo 55 kwa mwaka. Kwa hiyo kinatakiwa kijizalishie chenyewe, kwa kuweka lithiamu kwenye kuta ili igongwe na kugeuka tritiamu. Ni kama mama lishe anayetakiwa kuvuna mahindi kwenye kuta za jiko lake wakati ugali uko motoni. Hakuna aliyeshafanya hivyo kwa kiwango cha kinu.

Kinachozigonga kuta huitwa nutroni. Hazisikii sumaku. Zinapita moja kwa moja na kupiga chuma, zinapangua atomi zake, zinaacha vipovu vya heliamu ndani, na baada ya muda chuma kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama nyonga ya bibi. Karibu na Granada, Hispania, wanajenga mtambo mzima kwa ajili ya kazi moja tu, kujua chuma gani kitavumilia. Na kwa kuwa kuta zitakuwa na mionzi, hakuna fundi atakayeingia na spana kubadilisha kipande. Kila bolti itafunguliwa na roboti.

Haya yote kijana aliyajua. Kilichomgusa yeye, na mwisho kikanigusa na mimi, kilikuwa kidogo zaidi.

Kingo ambazo hazikukutana

Chombo kile chenye umbo la tyubu kinaundwa kwa vipande tisa, kila kimoja tani 440, vinavyochomelewa kuwa kitu kimoja kisichopitisha hewa hata chembe. Vilitengenezwa Korea na Ulaya. Mwaka 2022 ITER ilitangaza kwamba kingo za vipande vya kwanza, pale panapotakiwa kuchomelewa, hazikulingana na michoro. Mashine ya kuchomelea ingeshindwa kupita. Pia mabomba ya kupozea, ambayo kwa jumla yana urefu wa kilomita 23, yalikutwa na nyufa ndogo za kutu iliyoanzia pale yalipochomelewa. Kipande kilichokuwa kimeshashushwa shimoni kikanyanyuliwa tena, mwaka 2023. Mwaka uliofuata wakatangaza ratiba mpya: utafiti kuanza 2034, na moto wa mafuta kamili 2039. Awali walikuwa wamesema 2025.

Tafakari hapo. Nchi zote hizo, maprofesa wote hao, na kilichochangia kuwarudisha nyuma ni kingo mbili za chuma ambazo hazikukutana.

Kijana alipokuja Mbeya kunitembelea, nilimpeleka kwa fundi mmoja wa mageti pale Mwanjelwa. Nilitaka aone kazi anayoitaka bila muziki wa video. Fundi alikuwa amevaa ndala na miwani ya jua. Nilimwonyesha picha ya kile kipande cha tani 440 kwenye simu yangu, nikamweleza shida yake. Hakushangaa hata kidogo.

"Chuma kikipata moto kinavuta," akasema. "Kikipoa kinavuta tena, upande mwingine. Geti la mita tatu likivuta nusu sentimita, komeo halifiki. Hilo dubwana lao si geti."

Akatuonyesha anavyofanya. Unashikiza kwanza nukta pembe hii, unaruka kona ya pili, unarudi katikati, unaacha ipoe, unapima. Ukiwa na haraka ukachoma mstari mzima kwa mkupuo, umeharibu. Akauliza kama chombo chenyewe kinatakiwa kushika hewa. Kijana akamjibu kwamba kinatakiwa kisiwe na hewa kabisa, na ukubwa wake ni wa nyumba ya ghorofa kadhaa. Fundi akatikisa kichwa. "Basi hao wanahitaji watu wenye subira."

Waliongea saa nzima. Mimi nilikuwa naangalia ile miwani ya jua.

Naomba niweke kazi yangu hapa katikati, mtanisamehe. Miwani ya jua haizuii mwanga wa kuchomelea. Mwanga ule unaunguza tabaka la mbele la jicho kama jua linavyounguza ngozi, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, usiku, mtu anahisi mchanga machoni. Watoto wanaosimama nje ya karakana kutazama cheche nao huupata. Usiweke maziwa, wala kipande cha kiazi, wala dawa ya jirani. Nenda kituo cha afya. Na moshi wake si wa kupuuza: mwaka 2017 wataalamu wa shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Dawa yake inajulikana: barakoa yenye kioo maalumu, karakana inayopitisha hewa, glavu, viatu vya kufunika mguu. Fundi wetu alikuwa na kioo kimoja cheusi, alikuwa amemwazima jirani.

Kaka alivyolikumbuka

Jumamosi iliyofuata nilimrudisha kijana kwao. Njiani, kuanzia Igawa hadi karibu na Mafinga, alikuwa ananionyesha nguzo za chuma za laini kubwa ya kilovolti 400, ile ya kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma kwenda kuungana na Zambia. Ananitajia bolti. Nilisinzia kabla ya Ifunda.

Kaka alitupokea vizuri. Baada ya kula, kijana alipoingia ndani, tulikaa nje kwenye baridi ya Kihesa, yeye na koti lake na mimi na mtandio wa wifi. Nilikuwa nimejiandaa na takwimu zangu zote. Sikuzitumia.

"Mdogo wangu," akasema, "wewe ulikuwa mdogo. Hukumbuki usiku."

Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa kuchomelea, pale Ipogolo barabarani. Alitengeneza mageti, madirisha, matela ya trekta. Mimi nakumbuka harufu ya nguo zake na peremende mfukoni. Kaka anakumbuka usiku baba akiwa amekaa kitandani na kitambaa kibichi machoni, akilia kimya kimya ili tusisikie. Anakumbuka baba alivyokuwa akifumba macho na kugusa fimbo ya kuchomelea kwa kukisia, kwa sababu barakoa ilikuwa imevunjika na kodi ya chumba ilikuwa imefika. Miaka ya mwisho, ni kaka aliyemshika mkono kumpeleka kanisani. Mimi nilikuwa chuo, nikisomeshwa kwa fedha za mashine ile.

Kwa hiyo kaka anaposema mwanawe awe daktari, hatafuti sifa za mtaani. Anataka awepo kwenye ukoo mtu mmoja atakayevaa koti jeupe na kuona mpaka uzeeni. Mtoto wa jicho huwapata wazee wengi ambao hawajawahi kugusa mashine, na hilo nalijua kikazi, lakini sikulisema usiku ule.

Nilichomwambia ni hiki. Kwamba mwanawe asichague maisha kwa kuamini tarehe za wauza ndoto. Kuna kampuni Marekani inaitwa Helion imeahidi kuiuzia Microsoft umeme wa aina hii kuanzia 2028. Mimi nitaamini nikiona. Kuna nyingine, Commonwealth Fusion Systems, inajenga mashine ndogo karibu na Boston kwa sumaku za aina mpya, na hao wana kazi ya kuonyesha kwa macho, lakini bado hawajauza hata uniti moja. Kutengeneza mashine moja kwa miaka 20 ni jambo moja. Biashara inataka mamia, zinazowaka mchana na usiku, zinazorekebishika, kwa bei ambayo mama wa Mafinga atalipa kwenye LUKU. Kijana atakuwa na miaka 30 hivi kabla ITER haijawasha moto wake kamili. Inawezekana akastaafu kabla umeme huo haujafika Iringa.

Lakini nikamwambia pia kwamba ufundi anaoutaka hausubiri jua. Mtu anayejua chuma kinavyovuta, anayeweza kuchomelea bomba likapigwa picha ya mionzi lisionekane na tundu, ana kazi kwenye visima vya Rukwa, kwenye mvuke wa Ngozi, kwenye mabomba ya Kihansi, kwenye mitungi ya oksijeni ya hospitali. MUST hapa Mbeya, ambacho wengi wetu bado tunakiita Chuo cha Ufundi, wana diploma za uhandisi kwa waliotoka kidato cha nne. Akitaka kupitia kidato cha tano kwa PCM, nayo ni njia, ndefu kidogo, na mimi ningependelea hiyo kwa sababu inamwachia milango mingi zaidi. Kijana hataki kusikia. Ila PCB kwa mtoto anayechora viungo vya chuma pembeni ya daftari la biolojia, hapana. Nimewahoji madaktari wengi. Namjua daktari aliyelazimishwa nikimwona, na wagonjwa wake wanamjua zaidi.

Kaka alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Hao wa Ufaransa, machoni wanavaa nini?"

Nilitafuta picha kwenye simu. Nikamwonyesha barakoa inayogeuka giza yenyewe mwanga unapowaka, na nyingine yenye bomba linaloleta hewa safi mbele ya pua. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu, akaikuza tena upande wa kioo. Wifi alitoka na chai, akatuangalia, akarudi ndani bila kusema kitu.

Fomu bado haijajazwa ninapoandika haya, na dirisha la kubadili machaguo lina siku chache. Kaka hajasema ndiyo. Jana amenipigia akitaka nimuulizie Mbeya bei ya ile barakoa, ile ya bomba la hewa, na kama kioo chake kinauzwa peke yake.